Nakala na Mabaki: Ajua, Bao na Yale Yaliyoachwa Nje ya Mashine

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 2000 kampuni ya Nokia ya Finland ilianza kuuza simu ya mkononi iliyopewa nambari 3310. Simu hiyo ilipata wanunuzi wengi mno. Idadi inayotajwa aghalabu ni milioni 126 duniani kote. Ndani yake mlikuwa na michezo minne. Mmoja ulikuwa ule wa nyoka ambao karibu kila mwenye simu aliufahamu. Mwingine uliitwa Bantumi: mashimo sita upande huu, mashimo sita upande ule, na shimo moja kubwa la kila mchezaji la kuhifadhia alichokula. Mwaka huo huo ndipo Safaricom na KenCell zilipoanza kuwania wateja nchini Kenya. Basi mkazi wa Kisumu aliyejipatia simu hiyo alipata pia, bila ya kuuagiza, mchezo wa jamii ile ile ya mchezo ambao wazee wake waliuita ajua. Kwa usahihi zaidi, alipata nakala iliyopunguzwa.

Makala haya yanauchunguza upunguzaji huo. Wapenzi wa michezo ya zamani ya vidio wamejenga elimu nzima ya mabaki: hatua za mchezo zilizofutwa, wahusika wasioonekana, nyimbo zisizopigwa, na majina yaliyofichwa ndani ya kaseti. Elimu hiyo inafanana mno na uhakiki wa matini tunaoufanya juu ya miswada ya tenzi. Hata hivyo, haiwezi kuliona pengo moja, kwa sababu huchunguza kilichobaki ndani ya mashine tu. Dai letu ni kwamba michezo ya mashimo ya Afrika ilipoingizwa katika kompyuta, sehemu zake zenye uzito mkubwa hazikufichwa ndani. Ziliachwa nje. Anayezitaka hana budi kwenda kuzitafuta ardhini na katika kumbukumbu za watu, na ukanda wa Ziwa Viktoria ni mojawapo ya mahali pa kuanzia.

2.0 Mabaki Yaliyomo Ndani ya Kaseti

Kwanza tueleze ni mabaki ya namna gani tunayoyazungumzia. Mifano minne inatosha, na kila mmoja unagusa swali ambalo mhakiki wa fasihi amekwisha kulikabili kwingineko.

Mfano wa kwanza unahusu utunzi. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Adventure. Siku hizo Atari haikuyataja majina ya waandishi wa programu; mchezo ulikuwa mali ya kampuni na mtunzi hakujulikana. Warren Robinett, aliyeutunga peke yake, alificha ndani yake chumba cha siri chenye maandishi yanayomtaja yeye kuwa muumbaji. Ili kukifikia, mchezaji hana budi kupata nukta moja ya rangi ya kijivu, isiyotofautiana na mandharinyuma, na kuichukua hadi mahali maalumu. Kampuni ilikuja kugundua habari hiyo baada ya Robinett kuondoka kazini. Msomaji wa tenzi za Kiswahili hatashangaa: watunzi wetu walizoea kulitia jina lao katika beti za mwisho ili nakala zikienea jina lisipotee. Tofauti ni kwamba mtunzi wa utenzi aliruhusiwa kujitaja, ilhali Robinett alijitaja kwa kuiba nafasi.

Mfano wa pili unahusu tofauti za nakala. Katika Super Mario Bros., mchezo wa Nintendo wa mwaka 1985, mchezaji anayepenya ukuta kwa hila fulani hujikuta katika ulimwengu ambao nambari yake husomeka kama kasoro moja. Hakuna aliyeutunga. Mashine imesoma nambari isiyokusudiwa ikaionyesha kama mahali. Katika nakala ya kaseti, mahali hapo ni chini ya maji, na njia ya kutokea humrudisha mchezaji alikoanzia, daima. Katika nakala ya diski iliyotolewa Japani mwaka 1986, ulimwengu huo ni tofauti kabisa na una mwisho. Tuna hapa nakala mbili za matini moja zinazohitilafiana mahali ambapo mtunzi hakuandika kitu. Anayeamini kwamba kila hitilafu ya miswada hutokana na dhamira ya mtu fulani na aufikirie mfano huu.

Mfano wa tatu unahusu urejeshaji. Katika Sonic the Hedgehog 2 wa mwaka 1992, Sega iliondoa hatua nzima iliyoitwa Hidden Palace. Wimbo mmoja usiotumika popote ulibaki katika orodha ya sauti, na kwa miaka mingi mashabiki waliuhusisha na hatua iliyopotea. Toleo la simu la mwaka 2013 liliirejesha hatua hiyo na kuipa wimbo huo. Lakini nakala ya majaribio iliyosalia tangu 1992 inaonyesha kwamba hatua ile ilikuwa na muziki mwingine. Hivyo lililorejeshwa ni tungo ya wahariri wa baadaye walioamua kuyaunganisha mabaki mawili. Uamuzi huo unaweza kutetewa, mradi tu usiitwe asili.

Mfano wa nne unahusu nafasi. Karibu na kukamilika kwa michezo ya kwanza ya Pokémon, iliyotolewa Japani mwaka 1996, programu za ukaguzi ziliondolewa na nafasi ya takriban baiti 300 ikabaki. Shigeki Morimoto akamtia humo kiumbe mmoja, Mew, ambaye mchezaji wa kawaida hakukusudiwa kukutana naye. Hapa ukubwa wa karatasi ndio ulioamua kimo cha hadithi.

Mifano hii yote inashiriki sifa moja: kilichofutwa, kilichokosewa na kilichofichwa kingali mashineni. Mtafiti mwenye subira ataifungua kaseti na kukisoma. Ndiyo maana elimu hii imestawi kwa haraka. Sasa tuugeukie mchezo ambao mabaki yake hayasomeki kwa njia hiyo.

3.0 Safari ya Mchezo wa Mashimo Hadi Kompyutani

Wataalamu wa Ulaya na Marekani huiita jamii nzima ya michezo ya mashimo na mbegu kwa jina la mancala. Jina hilo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha. Mzizi wake ndio uliotupatia sisi maneno nakili na nakala. Jambo hili si la kupuuzwa. Anayehamisha mbegu kutoka shimo hadi shimo na anayehamisha maneno kutoka mswada hadi mswada wanafanya, kwa mujibu wa mzizi wa neno, kitendo kimoja. Kwa hiyo hatuuburuti uhakiki wa matini mahali pasipouhusu tunapoutumia kwa mchezo huu.

Mwaka 1894 Stewart Culin, mtaalamu wa michezo wa Marekani, aliandika juu ya mancala na kuuita mchezo wa taifa wa Afrika, kana kwamba bara hili lilikuwa taifa moja lenye mchezo mmoja. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alibuni toleo lake na kuliita Kalah. Lina safu mbili, mashimo sita kila safu, na ghala mbili pembeni. Mbegu husambazwa mara moja, na mkono ukiishia ghalani mchezaji hupata zamu nyingine. Kinacholiwa hutolewa uwanjani na hakirudi tena. Ni mchezo mzuri na mwepesi kujifunza, na wepesi huo ndio ulioufaa kwa kompyuta. Mwaka 1964 programu ya Kalah ilielezwa katika taarifa ya mradi wa akili bandia wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1968 ikachapishwa makala juu ya kuucheza katika kompyuta ya Atlas huko Uingereza. Wakati ambapo kompyuta ilikuwa bado ni mtambo wa kujaza chumba, mchezo wa asili ya Afrika ulikuwa tayari umo ndani yake, katika umbo alilolibuni Mmarekani.

Mwaka 1978 David Ahl alichapisha kitabu cha michezo ya kompyuta iliyoandikwa kwa lugha ya BASIC, na kitabu hicho kikauzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja. Mchezo mmojawapo unaitwa Awari na unaelezwa kuwa mchezo wa kale wa Kiafrika. Jina ni la jamii ya oware ya Ghana, iliyovuka Atlantiki pamoja na watumwa. Kanuni zilizomo, hata hivyo, si za oware. Katika oware kila shimo huanza na mbegu nne, hakuna kudondosha mbegu ghalani wakati wa kusambaza, na mchezaji hula mashimo ya mpinzani yanapofikia mbegu mbili au tatu. Programu ile huanza na mbegu tatu kila shimo, hudondosha mbegu ghalani, na humpa zamu ya pili yule ambaye mbegu yake ya mwisho imeangukia huko. Kwa ufupi, ni Kalah iliyovishwa jina la Kiafrika. Mhariri wa miswada angesema jalada la kitabu kimoja limebandikwa juu ya kurasa za kingine.

Oware yenyewe ilipata kushughulikiwa kwa kanuni zake baadaye. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walitumia vichakataji 144 vilivyofanya kazi pamoja kwa saa 51, wakazipima hali zote 889,063,398,406 zinazoweza kutokea, na kubainisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini tuangalie ni kitu gani kilichotatuliwa: toleo moja la mchezo, lenye kanuni zilizokwisha kuandikwa na kufungwa. Hakuna awezaye kuhesabu hali za mchezo ambao kanuni zake bado zinajadiliwa na wachezaji wenyewe.

4.0 Bantumi Yafika Ziwani

Ndiyo historia iliyotangulia simu ya 3310. Bantumi ilifuata sura ya Kalah, si ya oware, wala ya bao, wala ya ajua. Jina lake humkumbusha msikilizaji neno Bantu. Lakini Dholuo, lugha ya wenyeji wengi wa Kisumu na pwani ya Kenya ya ziwa hilo, si lugha ya Kibantu, na Waluo wanao mchezo wao wenye jina lake. Mchezo uliohamishwa kutoka Afrika, ukapunguzwa Marekani na kuingizwa simuni na Wafini, ulifika Kibuye na Dunga ukiwa na jina la kuwaambia watu kwamba ni wao, ilhali jina lenyewe halikuwa lao.

Hatusemi kwamba mtu yeyote alidanganywa. Mtu mzima anayeijua ajua alitambua mara moja kwamba ule wa simuni ni jamaa wa mbali. Tatizo linamkabili mtoto wake. Kwake yeye mchezo wa simu ndio uliotangulia, na siku atakapowaona wazee wakicheza kwa kokoto ardhini atadhani wanaucheza ule wa simu kwa kanuni zisizo sawasawa. Hapo nakala imekuwa asili na asili imekuwa tofauti ya nakala. Katika uhakiki wa miswada, kosa la namna hii hutendeka mhariri anapouchukua mswada uliochapishwa mwanzo kuwa ndio msingi, kisha akaipima miswada yote ya kale kwa kuhesabu umbali wake kutoka kwa huo. Kuchapishwa mwanzo ni tukio la kiwanda, hakuthibitishi ukongwe.

5.0 Kilichoachwa Nje

Ni nini basi kilichoachwa? Tuutumie kwanza mfano wa bao la Kiswahili, kwa kuwa istilahi zake zimo katika lugha yetu na utaalamu wake umekwisha kuandikwa, hasa na Alex de Voogt aliyechapisha utafiti wake juu ya mabingwa wa bao mwaka 1995.

Bao lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Mchezo huanza kete zikiwa hazijaenea. Kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 husalia mkononi. Katika awamu ya namua kete hizo huingizwa moja moja. Zikiisha huanza awamu ya mtaji. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete nyingine, mkono huendelea. Ikiangukia patupu, mchezaji hulala. Anayekula hazitoi kete uwanjani. Huzisambaza upande wake mwenyewe kuanzia kichwani, na kete zote 64 hubaki mchezoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fauka ya hayo, mwenye nyumba iliyoshiba huweza kuamua ama kuiacha ikae ama kuipeleka safari.

Kwa kulinganisha na Kalah, mambo matatu yameanguka njiani. Kwanza ni mzunguko unaoendelea, ambao humlazimu fundi kuona mbali kupitia mikono mingi iliyofungamana. Pili ni hiari ya nyumba, yaani mahali ambapo kanuni humwachia mchezaji neno la mwisho. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, ni falsafa ya mali. Katika Kalah kilicholiwa huwekwa akiba na kufa. Katika bao kilicholiwa hubadilisha bwana na kurudi kazini. Omweso wa Uganda, ng'ambo ya pili ya ziwa, nao ni wa safu nne na hufuata kanuni ya kurudisha kilicholiwa mchezoni. Toleo lililoingia katika mashine za awali na katika simu ndilo ambalo ushindi ni kulimbikiza ghalani. Hatudai kwamba Champion alikusudia kuhubiri ubepari. Tunasema kwamba maudhui ya mchezo yamo katika kanuni zake, kama vile maudhui ya ngano yalivyo katika mpangilio wa matukio yake, na kwamba kanuni hiyo moja ikibadilika tunasimuliwa ngano nyingine.

Upo upungufu wa aina ya pili usiohusu kanuni. Ajua huchezwa katika mashimo yaliyochimbwa ardhini au yaliyochongwa ubaoni, kwa mbegu au kokoto, mbele ya watu. Watazamaji huhesabu, hubisha, hudhihaki na kushauri. Msomi wa fasihi simulizi ya Waluo anajua kwamba siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walisimuliwa sigana, haikuwa mahali pa kulala tu. Ilikuwa sehemu ya utanzu wenyewe. Anajua vilevile kwamba pakruok, ule ufundi wa kujisifu na kusifiana, huhitaji hadhira na ushindani. Je, kuna maneno, vitendawili au majigambo yanayofungamana na ajua kama sigana zilivyofungamana na siwindhe? Swali hili haliwezi kujibiwa na kaseti wala simu. Mashine iliyoleta mchezaji wa pili asiyesema iliifuta hadhira kabla mtafiti hajafika.

Nyumba za makumbusho nazo haziwezi kulimaliza jambo hili peke yake. Hyrax Hill karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1930, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Mwamba umehifadhi idadi ya mashimo. Haukuhifadhi kanuni hata moja. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yanaonyesha boma zima la Kiluo, na mgeni huona kila nyumba ilivyokaa. Lakini boma lisilo na wazee wanaogombea zamu ya kucheza linafanana na kaseti isiyo na umeme.

6.0 Pingamizi Moja

Yamkini msomaji atauliza: je, mashine ingeweza kufanya nini zaidi? Kompyuta za mwaka 1964 zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na simu ya mwaka 2000 haikuwa na nafasi ya mchezo wa kete 64 na awamu mbili. Kupunguza kulikuwa sharti.

Pingamizi hili lina ukweli nusu. Kuhusu mashine za mwanzo tunalikubali. Lakini mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walichapisha kazi juu ya kuiandikia programu bao lenyewe, pamoja na utata wa kanuni zake. Tangu hapo hoja ya udogo wa mashine imepungua nguvu, na simu za leo zina nafasi ya kumeza bao, omweso na ajua zote kwa pamoja. Iwapo toleo la safu mbili na ghala mbili lingali linatolewa kwa jina la mancala bila ya sifa nyingine, sababu ni mazoea ya nakala. Kila mwandishi wa programu hunakili kutoka kwa aliyemtangulia, na wa mwanzo kabisa hakunakili kutoka kwa wachezaji. Isitoshe, hoja ya ukubwa wa kumbukumbu haigusi kabisa maneno na hadhira, ambavyo havikupunguzwa kwa kukosa nafasi. Havikuwahi kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya mchezo.

7.0 Hitimisho

Wanaokusanya mabaki ya michezo ya vidio wametufundisha nidhamu moja: kutoridhika na kinachoonekana kwenye skrini, kulinganisha nakala, na kutenganisha la mtunzi, la kosa na la mhariri. Nidhamu hiyo idara zetu za fasihi zinayo tayari kwa tenzi. Kwa michezo hatujaitumia ipasavyo. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi huipa michezo aya moja au mbili mwishoni mwa orodha ya tanzu, baada ya nyimbo za watoto, kisha huendelea na safari.

Tunapendekeza kazi tatu kwa wanafunzi wa uzamili, hasa walio katika vyuo vya ukanda wa ziwa kama Maseno. Kwanza, kanuni za ajua ziandikwe kama zinavyochezwa katika kila mahali, zikiwa na hitilafu zake zote, bila ya kuteua moja kuwa sahihi. Pili, yanayosemwa wakati wa kucheza yarekodiwe kwa Dholuo na kufasiriwa, kwa kuwa hayo ndiyo matini. Tatu, istilahi za bao, ajua na omweso zilinganishwe, ili tujue ni mawazo gani yaliyovuka ziwa na yapi yaliyobaki ufukweni.

Kazi hii ina muda wake. Chumba cha Robinett kimo ndani ya kila nakala ya kaseti yake, na atakayechelewa miaka 50 atakikuta. Mchezaji wa ajua hana kaseti. Sehemu isiyotumika ya mchezo wake imo katika kichwa chake, na siku atakapozikwa hakutakuwa na nukta ya kijivu ya kumwongoza mtu yeyote kuifikia.